Amina Niliyoisema Juu ya Mguu wa Ndugu Yangu

Mpendwa Mama Mbambu, mshauri wetu wa redioni, salamu katika jina la Bwana, naomba msaada wako na naomba pia uvumilivu wako, kwa maana jambo lenyewe hata kulitamka nashindwa, ndiyo sababu nimeazima simu ya binti yangu nikuandikie, nikipiga nitalia tu na dakika zitaisha bila wewe kusikia kitu.

Mimi ni mama wa hapa Mpofi, mkulima, mke wa mtu, na katika kanisa letu nafundisha watoto siku za Jumapili, tena mimi ni mwombezi, yaani niko katika kundi la wale wanaofunga na kuomba alfajiri kwa niaba ya wengine, na sisemi kwa kujisifu lakini Amina yangu inajulikana, Pasta Léonard mwenyewe hucheka akisema mama huyu akiitikia hata kuku wa jirani wanaamka, nami nilikuwa nafurahi kusikia hivyo, kumbe ningejua ningenyamaza.

Nina mdogo wangu, Isidore, tumbo moja baba mmoja, mama yetu alipofariki yeye alikuwa bado ananyonya, nikamlea mimi, mgongoni nikienda naye shambani, mgongoni nikienda naye kisimani, na ndiyo maana mpaka leo ana ndevu na anafundisha shule ya msingi lakini hawezi kufanya jambo kubwa kabla sijamwekea mikono kichwani nikamwombea. Alipooa alikuja, alipopata kazi alikuja, na mwaka huu alipoamua kugombea ubunge wa jimbo alikuja tena, akapiga magoti pale jikoni kwangu akiwa na suruali yake nzuri, akaniambia, "Dada, unibariki mbele niende. Hii njia iko na maneno mingi." Nikambariki kwa moyo wote, Mama Mbambu, nikamwombea mpaka sufuria ya mboga ya sombe ikaungua.

Sasa kuna mgombea mwingine, mtu mkubwa wa mjini, aliyekuja na gari akaleta mabati ya kanisa letu, na wewe hujui paa letu lilivyo, mvua ikinyesha tunasikiliza neno tukiwa na miamvuli, kwa hiyo Pasta alipoyaona mabati yamepangwa nyuma ya mimbari alilia mbele yetu sote, na tangu siku hiyo mtu yule akawa katika maombi yetu kila alfajiri. Isidore naye akasimama sokoni akasema, "Mimi sina manjanja, ile mabati, ya kuleta hapa. Kanisa iko yetu, tutaiezeka na mikono yetu. Kazi ya mubunge njo barabara na daraja." Wengine wakapiga makofi, wengine wakanuna, na maneno yalipofika kwa Pasta yalikuwa yameshageuzwa njiani, kwamba Isidore, anayekaa nasi benchi la pili, hataki nyumba ya Mungu iezekwe. Kuanzia hapo tukagawanyika, wa mabati na wa barabara, hata wakati wa kupeana mkono wa amani watu wanaruka mikono ya wengine kana kwamba ina upele, na kuna mama tuliyekuwa tunalima naye kwa zamu, leo kwake kesho kwangu, sasa akiniona anageukia mgomba anauangalia kama hajawahi kuuona.

Basi alfajiri moja tuko katika maombi, na kwetu Pasta hutaja pointi ya maombi, kisha wote tunaomba kwa sauti kwa pamoja, kelele moja kubwa, mpaka apige kofi ndipo tunaitikia Amina. Nilikuwa nimefumba macho. Nikamsikia anasema, "Bwana, kuna muntu anazunguka mu vijiji vyetu, anapinga nyumba yako. Vunja miguu yake, asifike kwenye anakwenda." Mimi nikafikiri ni wachawi, au ni wale wenye bunduki wanaotusumbua huku njiani, nikaomba kwa nguvu zangu zote, na alipopiga kofi nikaitikia Amina kabla ya wote, juu ya wote, ndipo Pasta akasema, "Huyo muntu njo Isidore, Bwana unamujua." Watu wakafungua macho kunitazama, Pasta akapiga kofi, nikaitikia tena kidogo kama wengine, tukaendelea na pointi ya mvua. Lakini Amina ile kubwa niliyoisema bila kujua haikutoka tena kichwani mwangu, nikilima naisikia, nikitwanga naisikia.

Siku chache baadaye tuko tena maombini, mama mmoja akaingia anahema, akasema Isidore ameanguka na pikipiki kwenye daraja la miti, mguu umevunjika, mfupa umetoka nje. Mguu, Mama Mbambu. Si mkono, si kichwa, mguu. Pasta akainua mikono akasema Mungu amejibu, mtu akaanzisha wimbo wa shukrani, ngoma ikaingia, na mimi nikajikuta napiga makofi, mikono yenyewe imezoea, wimbo ukianza inapiga, mpaka nikaiona mbele ya macho yangu nikashtuka nikaishusha. Nikatoka nje wimbo haujaisha.

Isidore yuko hospitalini. Dokta amesafisha kidonda na anampa sindano, lakini anasema lazima apasuliwe haraka mfupa uwekwe mahali pake, kila siku inayopita ni hatari, na Isidore amekataa katakata, amesema, "Siingii mu ile chumba mbele dada yangu aniwekee mikono." Mke wake Solange amekuja kwangu akalia mlangoni, "Dada, bwana yangu anakungojea. Muguu iko inavimba. Unangojea nini?" Kwanza nikamwambia nina homa. Akarudi tena, nikamwambia niko katika mfungo usioruhusu kutoka kijijini. Nimemdanganya mke wa ndugu yangu kwa jina la mfungo. Siwezi kwenda, naogopa mikono hii, kama sauti yangu ilivunja mguu, je, mikono yangu itafanya nini kwenye kidonda? Na naogopa macho yake.

Shangazi yetu Libérata, dada ya baba, anayeimba kwaya nasi, ndiye pekee niliyemwambia. Yeye anasema dawa ipo, ile ya wazee wetu, mkubwa akimtamkia mdogo wake neno baya huchukua maji katika jani la mgomba, anayatia mdomoni, anarudisha maneno yake, kisha anayatema kifuani kwa aliyetamkiwa na mengine chini, neno linarudi udongoni. Akasema, "Ile maneno ilitoka mu kinywa yako, kinywa yako njo itairudisha. Tutamufanyia akiwa amelala, hata hatajua." Moyo wangu ukapoa kidogo. Lakini katika nyumba hizi kuta zina masikio, Pasta akapata habari, akaniita akaniambia, "Ukienda na maji ya bazee, meza ya Bwana utaiona kwa mbali." Sasa niko katikati, sijui ni Amina yangu iliyomvunja, sijui nifanye ya shangazi au nimtii Pasta, sijui nikamwekee mikono kimya kimya nisiseme kitu, au nimwambie na anichukie maisha yote. Nijibu, Mama Mbambu, sina mwingine.

Mimi,
Mwombezi wa Mpofi

*

Dada yangu mwombezi,

Ujumbe wako nimeusoma asubuhi hii nimesimama dukani, nikausoma tena nimekaa juu ya gunia la chumvi. Nimejibu barua za waume waliopotea, za mashamba yaliyouzwa na shemeji, za watoto waliomkana baba. Nilidhani nimezoea. Leo nimeshtuka, na wateja wamengoja. Barua nyingine zote nimeziweka kando, na majina yenu nimeyabadilisha kabla ya kuisoma hii hewani.

Na usidhani kwanza nimeshtuka juu ya Pasta wako. Kwake nitafika. Kilichonitoa pumzi ni kwamba mguu wa mtu unavimba hospitalini, mtu mmoja tu duniani anaweza kumfanya akubali kuingia chumba cha upasuaji, na mtu huyo amejifungia nyumbani Mpofi anaandika. Tena anaandika vizuri.

Umeniuliza kama Amina yako ilimvunja. Hapana. Daraja lile la miti nalijua, bidhaa zangu hupita hapo. Mvua ikinyesha ile miti inateleza kama sabuni. Lilimwangusha dereva aliyeniletea chumvi hii niliyoikalia, akateguka bega, na hakuna kundi lolote la maombi lililokuwa limefunga kwa ajili ya bega lake. Ndugu yako alisimama sokoni akasema daraja litengenezwe, mkamwona adui wa Mungu, kisha daraja lenyewe likamwangusha. Ukitaka kujua nani alivunja mguu, anzia hapo. Mungu si dereva wa pikipiki wa kupungiwa mkono asimame, umwambie nipeleke kwa fulani nikamvunje, naye akuambie panda.

Lakini usipumue bado. Amina yako haikuvunja mguu ule. Kukaa kwako nyumbani kunaweza kuukata. Dokta amesema haraka, na wewe unampa Solange homa ya uongo na mfungo wa uongo. Kama kuna jambo katika barua yako la kumwogopa Mungu, ni hilo, na bado liko mikononi mwako.

Sasa tuje kwenye Amina zenyewe, kwa maana ni mbili. Barua yako nzima unailia ile ya kwanza, ile kubwa, uliyoisema bila kujua. Hiyo sina neno nayo, mtu aliyefumba macho anaweza kuitikia hata tangazo la mnada. Lakini jina lilipotajwa uliitikia tena. Umeipitisha katikati ya sentensi, mbio mbio, kama mtu anayepitisha kuku kwenye kizuizi cha barabarani, kisha ukakimbilia pointi ya mvua. Mimi nimefanya biashara miaka mingi, najua mtu anavyotembea akiwa na kitu chini ya kitenge. Ile ndogo, dada, ndiyo inayokunyima usingizi. Kubwa umeileta mbele ili nisiione.

Nakuelewa, na hili nalisema bila kejeli. Wale waliofungua macho kukutazama ndio mnaolima nao kwa zamu, ndio wanaokuletea moto ukizimika, ndio watakaokuzika. Macho ya hivyo ni mazito. Kwetu Wakatoliki pia kura zimeingia kanisani: mama mmoja wa shirika letu alininyima mkono wa amani kwa ajili ya fulana ya mgombea niliyovaa, nami nilikuwa nimeivaa kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Nilikasirika wiki nzima. Kwa hiyo siko juu ya mlima nikikuhubiria. Lakini kunyimwa mkono ni kitu kimoja, na kuitikia mguu wa mtoto uliyembeba mgongoni uvunjwe ni kitu kingine. Uliwaogopa watu kuliko ulivyompenda Isidore, kwa muda wa kofi moja. Liite kwa jina lake, ndipo utaweza kulitua.

Shangazi yako Libérata nitamtetea kidogo, Wakristo wenzangu mnisamehe. Mama huyo ameona jambo ambalo nyote hamkuliona: kwamba neno lililotoka kinywani linarudishwa na kinywa kilekile. Ni akili hiyo. Pasta wako anaogopa maji kwenye jani la mgomba, lakini hakuogopa kumwomba Mungu avunje mifupa ya muumini anayekaa benchi la pili. Anakutisha na meza ya Bwana. Mwambie mimi nimeuliza: yeye mwenyewe aliikaribia vipi Jumapili iliyofuata?

Ila shangazi amekosea hapa, na wewe umekosea pamoja naye, maana nimeona moyo wako ulivyopoa uliposikia. Eti akiwa amelala, hata hatajua. Aha. Hayo si mambo ya wazee wetu hata kidogo. Mimi kwetu nilikua nikiona wazee wakirudisha maneno, na walifanya mchana, familia imekaa, aliyekosewa akiwa macho na akiwa na haki ya kukataa. Kumtemea mtu maji usingizini ili usitazamwe usoni ni woga uliovaa nguo za babu. Mficha uchi hazai, dada, na kidonda unachokificha wewe kinaoza sawa na kile cha ndugu yako.

Juu ya kumwekea mikono kimya kimya bila kusema kitu, jibu ni hapana, tena hapana kubwa. Unajua vizuri Yesu alisema nini kuhusu mtu anayefika na sadaka yake madhabahuni akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye. Unawafundisha watoto hilo siku za Jumapili. Hakusema mtu huyo atoe sadaka haraka haraka kabla ndugu hajajua.

Pasta Léonard, kama unasikiliza, na najua redio iko hapo kwako: hilo si jina lako, lakini umejitambua. Mimi sikufundishi Biblia. Nakuuliza tu, ukiezeka nyumba hiyo kwa mabati yale na waumini nusu wamebaki nje, mvua utakuwa umemzuilia nani? Kura itapita. Yule bwana wa mjini atapanda gari lake, ashinde ashindwe, na ninyi mtabaki hapo Mpofi mkizikana. Nenda hospitalini wewe pia. Lakini usiende leo, leo ni zamu ya dada yake.

Haya, dada, sikiliza maagizo, na usiyabadilishe njiani.

Ondoka sasa. Vaa nguo ulizonazo. Usipike chakula cha kupeleka, nakujua, utapika mpaka jioni ili usifike. Mchukue shangazi, akae karibu nawe, na akitaka kubeba jani lake na alibebe. Mkiamua pamoja, Isidore akiwa macho, maji hayo hayatamuua mtu, na msipotaka shangazi ayamwage nje. Daraja la miti lipite kwa miguu. Ukifika, mwombe Solange msamaha wa homa na mfungo kabla hujavuka mlango. Kisha mwambie ndugu yako Amina zote mbili. Usianze na kubwa. Anza na ile ndogo. Usimweleze ya Pasta, usimweleze ya mabati, hayo atayauliza mwenyewe. Mwambie: nililisikia jina lako nikaitikia. Halafu nyamaza.

Atakachosema sijui. Anaweza kugeukia ukuta. Ana haki. Akigeuka, mwambie kitu kimoja tu: mimi nichukie, lakini kwa dokta uingie. Lisimamie hilo kama ulivyokuwa ukimsimamia anywe uji. Kisha kaa nje kwenye benchi mpaka watoke naye, usirudi nyumbani kwa sababu umetukanwa.

Ya kanisa yatafuata baadaye, mguu ukishafungwa. Rudi maombini, usihame, hapo ni kwenu. Lakini chukua mama mmoja au wawili wenye moyo, mkamwambie Pasta kwamba kuanzia sasa mtasikiliza pointi mpaka mwisho ndipo muitikie, na yenye jina la mtu wa kuumizwa hamtaiitikia. Watakutazama. Watazoea. Na kura yako umpe unayemtaka, hata kama si Isidore. Isidore hadai kura yako hapa, anadai dada yake.

Jambo la mwisho, na hapa unaweza kunikasirikia. Majina nimeyaficha, lakini Mpofi nzima imeshajua ni wewe, na hospitalini pia redio zipo. Nimewaomba hapa redioni wasirudie barua yako katika kipindi cha jioni, watanikubalia. Ila watu hawangoji marudio. Habari hii imeshaanza kutembea, na wewe bado umekaa umeinamisha sikio. Lazima ufike kabla yake, aisikie kwako.

Zima redio, dada. Na kama, baada ya kusikia yote, bado anataka mikono yako kichwani, basi mwekee, omba kwa sauti ya chini, na Amina safari hii mwachie aiseme yeye.

Mama Mbambu